Mnazi Mmoja haikuwa zawadi, na Tunduma tusisubiri zawadi

Mitihani ilinibana, ndiyo maana nilipotea. Leo nina jambo moja tu, limenikaa rohoni tangu tulipobishana kwenye diskasheni ya historia. Mshikaji mmoja kasema viwanja vya wazi na bustani ni mambo ya pwani, wazungu waliwaachia watu wa Dar, ila kwetu mpakani eneo tupu ni hasara, bora zijengwe fremu za maduka. Watu wakacheka na kuitikia. Jamani, mimi sikubali hata kidogo.

Tuanze na hilo la kuachiwa. Ukitoka mjini Dar kwa Mtaa wa Uhuru kwenda Kariakoo, lazima ukatize Mnazi Mmoja. Mnadhani pale pakiachwa wazi ili sisi tupumzike? Wapi! Wajerumani walianza mapema kugawa mji kwa aina ya majengo, sheria yao ya ujenzi ni ya 1891. Waingereza walipouchukua mji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza wakaendeleza mgawo huo: wazungu ufukweni, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo. Kati ya Uhindini na Kariakoo wakataka ukanda mtupu. Kisingizio kilikuwa afya, eti magonjwa ya Waswahili yasivuke. Kwa hiyo ule uwanja ulikuwa ukuta, ila ukuta usio na matofali. Hiyo nayo ni zawadi?

Sasa angalieni wenyeji walivyoufanya. Waliuzoea, wakakutana pale, wakautumia kama wao. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 kwenye nyumba ya New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba, hatua chache tu kutoka uwanjani. Siasa za uhuru zikapata pa kusimama. Baada ya uhuru ukawekwa pale mnara wa Mwenge, na kwa miaka mingi Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, iliadhimishwa hapohapo. Yaani ardhi iliyotengwa ili tusisogee ndiyo ikawa ardhi ya kuwakumbuka waliotutoa utumwani. Hiyo haikuletwa na gavana, ililetwa na miguu ya watu.

Lakini miguu peke yake haitoshi, lazima pawepo pa kukanyaga. Hapa ndipo ninapogombana na hoja ya fremu. Mji ukishajaa, huwezi kununua uwazi. Utabomoa nyumba ya nani? Hata Dar yenyewe ni somo. Bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 imemegwa na majengo mpaka imebaki kipande. Kila aliyemega alikuwa na sababu nzuri, na hakuna aliyerudisha.

Rudini sasa kwetu. Sensa ya 2012 Tunduma hatukufika watu laki moja. Sensa ya 2022 tumepita laki mbili. Miaka kumi tu! Mkoa wa Songwe wenyewe umezaliwa 2016. Huu ni mji unaojengwa sasa hivi, mbele ya macho yetu, sio wa kusomwa vitabuni. Malori ya Zambia na Kongo yanapita mlangoni, na mtoto akitaka kucheza mpira anatazama barabara. Halafu tunaambiwa uwanja ni anasa. Anasa ni ya nani? Mwenye pesa ana ua wake nyumbani. Uwanja wa wazi ni ua wa mpangaji, wa mama lishe, wa kuli aliyeshusha mizigo tangu alfajiri, wa kijana asiye na hela ya kukaa baa.

Na msiseme hatuna uwezo. Simdai mtu maua wala chemchemi za maji. Nataka mstari kwenye ramani, ardhi ikiwa bado ni shamba, huko pembezoni upande wa Mpemba na Chapwa. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 ipo. Kinachokosekana ni watu wa kuuliza.

Sisi tunaosomea ualimu ndio tunapaswa kuanza. Likizo hii ukienda nyumbani, nenda kwenye mkutano wa mtaa. Omba kuona ramani ya eneo lako, uliza pa watoto kuchezea ni wapi, na uliza kama pameandikwa hivyo kwa maandishi. Wakikuambia pametengwa, nenda ukapaone kwa macho, usirudi na maneno. Watu wa Kariakoo waligeuza ukuta ukawa uwanja. Sisi tusije tukageuza uwanja ukawa ukuta wa maduka, halafu tukawafundishe wanafunzi wetu kuwa mkoloni ndiye aliyekuwa mbaya.

Nawasilisha. Mwenye hoja aje na hoja, kucheka peke yake sio jibu.