Mzito Autaje Uzito Wake

Hapa Kiwalani, ndege zinazokwenda kutua Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere hupita juu ya mabati yetu. Mgeni husikia kelele tu. Mkaaji huona na utaratibu: ikishapita Boeing 787, kindege cha abiria wachache kitokacho Zanzibar hakifuati papo hapo. Huachiwa nafasi.

Nafasi hiyo ina sababu. Bawa lililoibeba ndege huacha nyuma ya ncha yake mkondo wa hewa unaozunguka kama kimbunga kidogo, usioonekana, unaoshuka taratibu. Ndege ikiwa nzito, mkondo huwa na nguvu zaidi, na waweza kuipindua ndogo inayofuata. Ndiyo maana ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa anga, huzigawa ndege kwa uzito wa juu wa kurukia: nyepesi hazizidi kilo 7,000, nzito huanzia kilo 136,000, na za wastani zipo katikati. Cessna Caravan ina takriban tani 4. Boeing 787-8 hukaribia tani 228. Wakati wa kutua, nyepesi hutenganishwa na nzito iliyo mbele yake kwa maili 6 za baharini. Tena, rubani wa ndege nzito hutakiwa kuutaja uzito huo redioni anapozungumza na waongoza ndege kwa mara ya kwanza.

Ndugu msomaji, tafakari busara hiyo. Haiwaambii wanyonge wajihadhari peke yao. Humtaka mwenye nguvu ajitambulishe, na humpa mdogo nafasi kabla hajadhurika. Dakika zinazosubiriwa hazihesabiwi kuwa uzembe.

Ardhini tumezoea kinyume chake. Majirani zetu wa Kipunguni walifanyiwa tathmini mwaka 1997 ili wapishe upanuzi wa uwanja huu huu, kisha wakakaa miaka mingi wakiisubiri fidia, wasiweze kujenga wala kuhama. Mradi mzito ulipita. Msukosuko wake ukabaki kwa wanyonge.

Twasema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Lakini hata tembo apitaye kwa amani hukanyaga nyasi. Sipingi viwanja wala barabara. Nawaomba watumishi wa umma mnaotia saini miradi: utajeni uzito wake mapema, na mtenge nafasi ya walio nyuma, yaani fidia, taarifa na muda, kabla tingatinga halijawashwa.

Angani hilo ni kanuni. Ardhini lisibaki kuwa hisani.