Weka mabonde kwanza

Mwandishi, umeeleza vizuri ila uigaji wako wa mtandao wa Wi-Fi ni tambarare mno. Huku Runyenjes ni migongo na mabonde ya Mlima Kenya: nyumba mbili zinaiona antena moja lakini zenyewe hazisikiani, kila moja inadhani hewa ni tupu, zinatuma, zinagongana. Kwenye Wi-Fi ya 802.11g kifaa kisichojibiwa hubahatisha nambari mpya ya kusubiri. Awali huwa 0 hadi 15, halafu mwisho wake hupanda: 31, 63, hadi 1023. Na katika uigaji, ukizipa nodi zote mbegu moja ya nasibu (nilifanya hivyo, nikailaumu kompyuta usiku kucha), zitasubiri sawasawa na kugongana tena mpaka pakiti itupwe. Rudia na mabonde, utuletee grafu.