Mita 50 za Ziwa Kivu

Askari mmoja mstaafu alirejea kwao Kamembe akiwa na kiinua mgongo chake na shauku ya miaka mingi. Tangu utotoni, enzi mkoa huo ukiitwa Cyangugu, kabla ya kuundwa wilaya mpya ya Rusizi mwaka 2006, alitamani nyumba ambayo mlango wake ungefungukia Ziwa Kivu.

Jioni ya kwanza alimwongoza mkewe hadi ukingoni. Kisiwa cha Nkombo kilikuwa kikizama gizani, na taa za Bukavu zilianza kumetameta ng'ambo. Wavuvi walikuwa wakitoka, mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wakipiga kasia kwa mwendo wa wimbo. Mzee akayakumbuka matete aliyojificha ndani yake alipokuwa mtoto, na harufu ya sambaza waliokaangwa na mama yake.

Lakini matete yalikuwa yamebaki mabaka mabaka. Mitaa ilikuwa imeteremka kilimani, na mabati yaling'aa palipokuwa migomba.

"Kiwanja chenyewe ni hiki," alisema, akionyesha mahali hatua 20 tu kutoka majini. "Bei yake ni nafuu."

"Baba Watoto," mkewe akajibu, "unafuu huo ndio unaonitia shaka. Sheria ya mazingira ya mwaka 2005 ilikataza kujenga ndani ya mita 50 kutoka ziwani, na katazo hilo halijaondoka. Je, jasho lako la ujana tulizike hapa, kisha tuamriwe kubomoa?"

Mama huyo alinena kweli, wala si kwa kuogopa sheria pekee. Matete na miti ya ukingoni huzuia udongo unaoporomoka na mvua kutoka milimani. Humo ndege hujenga viota, na karibu na ukingo samaki wachanga hukua. Hao sambaza wenyewe waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni kitoweo cha nyumba nyingi. Tena, taka zitupwazo ziwani hazipotei. Huelea hadi mahali mto Rusizi unapoanzia, zikaziba bwawa la Rusizi ya Kwanza, na umeme ukapungua majumbani.

Mzee alinyamaza kitambo. Kesho yake walikwenda pamoja kwenye ofisi ya ardhi ya wilaya, wakaonyeshwa ramani. Hatimaye walinunua kiwanja kidogo juu kilimani. Ziwa laonekana kutoka barazani, na wajukuu hushuka kuoga kwa njia ya miguu, wakipita katikati ya matete.

Basi familia inayongojea kiinua mgongo na iitazame ramani kabla ya kutoa fedha. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na nyumba iliyobomolewa haina pensheni ya pili.