Wese likipanda anabanwa nani?

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA inatangaza bei kikomo za mafuta, na kila mwezi kijiweni kelele ni zile zile. Leo sigombani na EWURA. Nataka tuangalie hiyo bei inaishia mfukoni mwa nani.

Chukua Oktoba 2023. Petroli Dar ilifika sh. 3,281 kwa lita. Nauli ya daladala ya kilomita 10 ilikuwa 500 toka Mei 2022, LATRA wakaja kuipandisha kuwa 600 Desemba 2023. Yaani mafuta yanabadilika kila mwezi, nauli inakaa mwaka na nusu, na hesabu ya tajiri ndo kabisaa haigusiki. Anayebaki katikati ni dereva na konda wake.

Miezi hiyo mi nilikuwa deiwaka wa ukonda kwenye Hiace moja ya petroli, fomu foo ishanikalia vibaya. Braza aliyekuwa anaendesha alijua kubana wese balaa. Foleni ya Buguruni ikigoma kusogea, anazima injini. Abiria wananuna, "dereva washa bwana, joto!", yeye anacheka tu.

Baadaye nikaja kusoma kwamba Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria gari likisimama huku linaunguruma linakula kama lita moja mpaka mbili kwa saa, inategemea ukubwa wa injini na kama AC inapiga. Kuwasha upya ni kama mafuta ya sekunde 10 za kuunguruma. Tuchukue hiyo lita moja tu. Masaa mawili ya foleni kwa siku ni zaidi ya sh. 6,500 kwa bei ile. Hao ni abiria 13 umewabeba bure!

Halafu kuna mguu. Ukikanyaga mafuta kwa hasira, mita 50 mbele ukakanyaga breki, wese lote umeligeuza joto la breki. Hao hao wanasema uendeshaji wa fujo kwenye foleni za mjini unakupunguzia kilomita kwa lita asilimia 10 mpaka 40. Sasa zile ligi zetu za kugombania abiria vituoni, sijui tulikuwa tunamkomoa nani. Upepo wa tairi nao usaidizi wake ni mdogo, haizidi asilimia 3 hivi, ila kujaza upepo ni hela ya karanga.

Ila kuna kubana kumoja nakupinga mpaka kesho. Tulikodiwa kupeleka msiba Iringa. Wakati wa kurudi, tunashuka Kitonga, braza akaweka gia huru, wenyewe tunaita frii. Gari likaanza kukimbia lenyewe, kila kona breki. Katikati ya mlima nikasikia harufu ya kuungua, nikamwona anapampu pedali mara mbili mbili. Akina mama nyuma walikuwa wamelala. Akafanikiwa kulipachika gia ya pili, injini ikalia kama inapasuka, gari likashika. Tukasimama pembeni, hakuna aliyeongea.

Kinachouma ni kwamba frii yenyewe haibani kitu. Gari la EFI ukishuka mlima na gia, mguu umeutoa kwenye mafuta, kompyuta inakata wese kabisa, magurudumu ndo yanazungusha injini. Ukiweka gia huru, injini inabidi ilishwe mafuta ili isizime. Kwa hiyo unakula zaidi, na breki umeziachia kazi yote peke yake. Huo ujanja ni wa enzi za kabureta, na hata enzi hizo ulikuwa unaua.

Nilimuuliza braza kwa nini alifanya vile. Akaniambia, "Mdogo wangu, wese la safari hii linatoka kwangu."

Dar tuliingia saa nane usiku. Saa mbili asubuhi tajiri akapiga simu kuulizia hesabu.

Nyie madereva mliomo humu, kuna tajiri amewahi kukushushia hesabu mwezi ambao wese limepanda? Hata buku mbili? Nataka kujua.