Dadaab na Wenye Kuishika Kamera

Na Rukia Abdi Gedi

Kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizoanzishwa mwaka 1991 huko Garissa, Kenya, baada ya serikali ya Somalia kuanguka, zimepigwa picha mno, lakini kwa muda mrefu wapigaji walikuwa wageni. Mwaka 2011, ukame na njaa vilipowasukuma Wasomali wengi kuvuka mpaka, picha ya aina moja ilizunguka dunia: mama ameketi vumbini, mtoto amekonda, jina halipo. Picha hiyo haikuwa uongo, na bila shaka ilichangisha fedha za chakula. Kasoro yake ni kwamba iligeuzwa kuwa maelezo kamili ya watu ambao wengine wao walikuwa wameishi pale miaka 20, wakisoma, wakifanya biashara na kuozeshana.

Shirika la FilmAid, ambalo limewafunza vijana wa Dadaab na wa kambi ya Kakuma kutengeneza filamu, kupiga picha na kuandika habari, lilisaidia kuugeuza mwelekeo huo. Wataalamu wana mbinu iliyo jirani na mafunzo hayo, fotovoisi, yaani utafiti ambamo wahusika wenyewe hupewa kamera, huchagua picha zao, huzijadili pamoja na kuzifikisha kwa wenye mamlaka. Waasisi wake, Caroline Wang na Mary Ann Burris, waliitumia kwa wanawake wa vijijini Yunnan, China, katika miaka ya 1990. Kenya nayo ilikuwa na mradi wa kamera wa Shootback, ulioanza mwaka 1997 kwa watoto wa mtaa wa Mathare, Nairobi.

Faida ya mpigaji wa ndani ni ujuzi, wala si huruma. Safu ya madumu ya manjano kwenye bomba, ambayo mgeni huipiga kama ushahidi wa kiu, kwa mkazi ni foleni ya watu wasiokuwepo, kwa kuwa kila dumu humshikia nafasi mwenyewe aliyekwenda sokoni au darasani. Kijana anayelijua hilo ataandika maelezo mengine kabisa chini ya picha ileile.

Lakini mafunzo bila hakimiliki, yaani haki ya mtunzi kuamua kazi yake itumikeje na kwa malipo gani, humwacha kijana akiwa kibarua wa ripoti za wafadhili. Tena mkimbizi huhitaji kibali ili atoke kambini, hivyo picha yake inaweza kutundikwa Nairobi ilhali mwenyewe haruhusiwi kwenda kuitazama. Wala picha ya aina moja haiwapati wakimbizi pekee: wafugaji wa Buna, kule Wajir Kaskazini, ni raia wasiodaiwa kibali hicho, na bado magazetini huonekana zaidi karibu na mizoga ya ng'ombe.

Wahariri wa Nairobi, ambao kila ukame hutuma gari na mpigapicha wa siku mbili, wanunue kwanza picha za vijana wa Ifo, Hagadera na Dagahaley, kambi za Dadaab, wachapishe majina yao pale wanaporidhia, na wawalipe kiwango kilekile wanachomlipa mpigapicha yeyote wa kujitegemea.