Maji taka ya Mbale na Jinja ni suala la biashara

Usiku wa kuamkia Julai 31, 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale. Zaidi ya watu 20 walifariki dunia na mabomba ya maji safi yakakatika. Wanahabari walifika, viongozi wakatoa ahadi. Maji yalipokauka, habari nayo ikaisha.

Uchafu, hata hivyo, haungoji mafuriko. Nyumba nyingi za Mbale hazijaunganishwa na bomba la maji taka, na mvua kubwa ikinyesha vyoo vya shimo humwaga uchafu mtoni. Mto Namatala hupita kwenye ardhi oevu inayolimwa mpunga na mboga. Huko Jinja, maji ya mabwawa ya kusafishia maji taka ya Kirinya huingia kwenye ardhi oevu iliyo kando ya Ziwa Victoria.

Mchele wa mashariki mwa Uganda na samaki wa ziwa hilo huvushwa Busia na Malaba. Mnunuzi akiingiwa na shaka, hasara ni ya mwenye mzigo. Mapema mwaka 1998, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi wa Uganda, Kenya na Tanzania kwa hofu ya kipindupindu. Shirika la Afya Duniani lilisema hatua hiyo haikufaa, lakini wavuvi na wachuuzi walikuwa wamekwisha kuumia.

Itifaki ya Bonde la Ziwa Victoria, iliyotiwa saini Novemba 2003, inataka mchafuzi alipe. Jinja imo ndani ya bonde hilo. Namatala haimo, kwa kuwa maji yake huelekea Ziwa Kyoga. Mpaka mmoja wa biashara, kinga mbili tofauti.

Mgombea hapigiwi makofi kwa kuahidi bomba la chini ya ardhi. Ndiyo maana vyama vya wafanyabiashara wa mpakani vinapaswa kulidai wenyewe, pamoja na jambo lisilohitaji fedha nyingi: matokeo ya vipimo vya maji ya mito na mabwawa hayo yabandikwe kila mwezi sokoni na mpakani, kwa lugha inayoeleweka. Vyombo vya habari navyo virudi Namatala wakati wa kiangazi. Anayeuza chakula ana haki ya kujua kilikuzwa kwa maji gani.