Siasa za Washington zilivyotikisa utafiti wa chanjo Afrika

MWANZONI mwa 2025, wanasayansi kutoka mataifa manane ya Afrika walikuwa tayari kuanza majaribio ya chanjo dhidi ya virusi vya Ukimwi. Mradi huo, BRILLIANT, uliongozwa na Baraza la Utafiti wa Kimatibabu la Afrika Kusini, na Kenya ilishiriki. Shirika la Marekani la USAID lilikuwa limeahidi zaidi ya dola 45 milioni.

Januari 20 mwaka huo, Rais Donald Trump aliapishwa na siku iyo hiyo akaagiza misaada ya kigeni isimamishwe kwa siku 90. Majaribio yalikwama kabla ya kuanza. Kufikia Julai 1, USAID yenyewe ilikuwa imevunjwa.

Marekani ina haki ya kuamua matumizi ya kodi ya raia wake. Hata hivyo, utafiti si barabara ambayo kokoto zake zitasubiri mwanakandarasi arejee. Sampuli za damu huhitaji majokofu na umeme kila saa. Wauguzi waliofunzwa hutafuta ajira kwingine. Aliyekubali kudungwa dawa ya majaribio lazima afuatiliwe kwa miezi mingi. Akitelekezwa, jirani yake hatajitolea tena. Hata fedha zikipatikana baadaye, imani hainunuliki.

Kenya inalifahamu hilo. Mnamo 2001, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza majaribio ya chanjo ya Ukimwi kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford. Msingi wa utafiti huo ulitokana kwa sehemu na wanawake wa Majengo, Nairobi, ambao hawakuambukizwa licha ya kukumbana na virusi mara nyingi. Miili ilikuwa yetu, lakini kibeti kilikuwa cha wengine.

Tangu 2013, sheria yetu ya sayansi, teknolojia na ubunifu inaagiza asilimia 2 ya pato la taifa itengewe hazina ya utafiti. Agizo hilo halijawahi kutimizwa. Ni kweli Serikali imelemewa na madeni, lakini angalau kila mkataba wa utafiti utenge akiba ya kuwahudumia waliojitolea na kuhifadhi sampuli mfadhili anapojiondoa.

Wahenga hawakukosea: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Katika utafiti wa maradhi, kufa huko si methali tu.